Ngalawa si kila chombo chenye tanga

Tangazo linasema: "Ngalawa ya mbao inauzwa, ina tanga na makasia." Ukifungua picha unakuta mbao zilizopigiliwa kwenye mataruma (mbavu za chombo), mkuku (uti wa chombo) chini na tezi (nyuma) bapa ya kufungia mashine. Hiyo ni mashua ndogo. Inaweza kuwa nzuri sana, lakini ngalawa siyo.

Ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja, mara nyingi mwembe, uliotiwa mlingoti, tanga la pembetatu na matengo ya kuusawazisha pande zote mbili. Ukiyatoa matengo, kinachobaki ni mtumbwi tu.

Matengo ndiyo yanayosahauliwa, na ndiyo chombo chenyewe. Miti miwili hukingamishwa juu ya gogo, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kila upande ncha zake hushika ubao mrefu unaogusa maji. Gogo ni jembamba. Bila mbao hizo tanga litalipindua kwa upepo wa kwanza. Chombo kikilalia upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, ubao wa upande huo hulala juu ya maji na kukizuia. Ukifungwa chini mno, unaburuza na kuua mwendo. Ukifungwa juu mno, chombo kinakuwa kimeshalala sana kabla haujagusa maji. Maungio hufungwa kwa kamba ili yacheze kidogo na wimbi. Anayeona kamba ni ushamba akapigilia misumari ataupasua mti palepale penye msumari.

Wakomoro nao husema galawa. Vyombo vyenye mbao za kuelea pande mbili vimejaa Indonesia na Ufilipino, na wataalamu wengi huuhusisha ufundi huu na mabaharia wa Asia ya kusini mashariki, ambao wazao wao wako Madagaska. Kwa hiyo jina hili limebeba umbo maalumu, na kulibandika kwenye mashua ni kulifuta.

Dau nalo limeonewa, tena zaidi, maana kwa watalii kila chenye tanga ni dau. Dau la Lamu ni la mbao, limechongoka omo (mbele) na tezi pia. Ndilo la kwenye methali, lile la mnyonge lisilokwenda joshi, yaani kule upepo unakotoka.

Hata "makasia" ya kwenye tangazo yangetosha kumshtua mnunuzi. Kasia hupitishwa kwenye kishwara, kitanzi cha kamba, ukingoni, na mvutaji huipa omo mgongo. Kwenye ngalawa matengo yako njiani, kwa hiyo watu hutumia kafi (kasia fupi la mkononi), wametazama mbele, na pondo (mti mrefu wa kusukumia) penye maji machache.

Mnunuzi huumia kwa sababu vyombo hivi havikaguliwi namna moja. Mashua hutazamwa kalafati (pamba ya kuziba) kati ya mbao, kutu ya misumari na hali ya mkuku. Maji yakitoka huhitaji magadi, yaani miti ya kuiegemeza, isilale ubavu. Ngalawa haina maungio ya mbao tumboni. Dunga kisu chini ya gogo na pale mlingoti unapokaa, maana mwembe huoza na kutobolewa na wadudu wa baharini, kisha kagua kila kamba ya matengo.

Basi ndugu muuzaji, andika "mashua ndogo, tezi bapa" na utaje urefu wake. Wanaoitafuta wapo, na watakupigia simu.