INR: namba anayopaswa kuijua kila anayetumia warfarini

Warfarini ni dawa ya kuzuia damu kuganda, na INR ni kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda: namba ikipanda, damu huchelewa zaidi kuganda. Asiyetumia dawa hiyo huwa na takriban 1. Wagonjwa wengi wa warfarini hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Mwenye valvu bandia ya chuma moyoni, mahali pa valvu ya mitrali, mara nyingi hupangiwa 2.5 hadi 3.5. Ikishuka mno, bonge la damu laweza kuziba valvu au kuleta kiharusi. Ikipita 5, hatari ya kuvuja damu huwa kubwa.

Namba hiyo haitulii yenyewe. Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu, na warfarini huzuia vitamini hiyo isitumike tena. Ndiyo maana mchicha, kisamvu na matembele, mboga zenye vitamini K nyingi, huhusika. Wagonjwa wengi huambiwa waache mboga kabisa, ushauri ninaoupinga: ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na dozi ipangwe kufuata mlo wake.

Kinachonitia hofu zaidi ni duka la dawa. Metronidazoli ya tumbo, antibiotiki ya Septrin na flukonazoli ya fangasi hupandisha INR ndani ya siku chache. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha, hivyo daktari huongeza warfarini. Tiba ya TB ikiisha na dozi ikabaki juu, INR hupanda wiki zinazofuata wakati mgonjwa anajiona amepona.

Halafu kuna diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hizi huchubua tumbo na kudhoofisha chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha), na INR haipimi hayo, kwa hiyo mtu anaweza kupimwa akakutwa na 2.5 safi kabisa, na bado akavuja damu tumboni. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa dozi ndogo na kwa siku chache ni salama zaidi.

Choo cheusi kinachonata kama lami, mkojo mwekundu, fizi au pua isiyokoma kutoa damu, hedhi nzito kuliko kawaida: hizo ni sababu za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Aliyegonga kichwa aende hata kama hana jeraha, kwa sababu damu inaweza kuvujia ndani ya fuvu polepole. Huko atapimwa INR, na ikibidi atapewa vitamini K au plazima (majimaji ya damu yenye protini za kugandisha). Asiiache warfarini moja kwa moja kwa uamuzi wake, hasa mwenye valvu ya chuma.