Chora mwenye kitu kwanza: "his" na "her" kwa michoro ya sikukuu

Mtoto akiandika "My mother and his kanga", kalamu nyekundu huzungushwa na "her" huandikwa pembeni. Kesho anarudia vilevile. Kazi yangu ni kuwaandaa walimu wa Kiingereza wa shule za msingi, na kosa hili nimekutana nalo karibu kila darasa tuliloingia kwa mazoezi ya kufundisha. Si uzembe wa mtoto. Lugha yake imemzoesha kutazama kwingine.

Kiswahili humwambia atazame kitu. Kanga yake, kiatu chake, viatu vyake: kinachobadilika hufuata ngeli ya kile kinachomilikiwa, na mwenyewe awe baba au mama, ni "-ake" tu. Kiingereza hakijali kitu ni kimoja au vingi. Kinauliza mwenye nacho ni mwanamume au mwanamke. Mpangilio nao umepinduka. Sisi twaanza na kitu, kofia ya Juma. Wao waanza na mwenyewe, "Juma's cap". Ndiyo maana utaona daftarini "cap's Juma".

Mchoro husaidia hapa, na wakati wake mzuri ni shule zinapofunguliwa baada ya Idi au Krismasi, watoto wakiwa bado wana hadithi midomoni. Wape karatasi, hata kurasa zilizobaki za daftari la mwaka jana. Darasa likiwa na watoto wengi, kila kundi lipate manila moja. Sharti langu ni hili: mtu achorwe kwanza, kushoto, kitu chake kichorwe kulia, kisha uvutwe uzi kutoka kwa mtu hadi kwenye kitu. Aliyechora baba kisha kanzu, maneno yake yatafuata njia ileile ya mkono: "Father's kanzu". Uzi ule ndio ritifaa, yaani alama ya ('), na "s" yake. Ritifaa yenyewe watoto wanaijua tangu walipojifunza kuandika ng'ombe, lakini waambieni wazi kwamba pale ni alama ya sauti, na huku ni alama ya umiliki.

Kisha iandikwe sentensi ya pili: "His kanzu is white." Kabla ya neno la kwanza, mtoto aweke kidole juu ya mtu, si juu ya nguo, ajiulize ni "he" au ni "she". Msiruke hatua hii hata muda ukiwa mdogo.

Hina nayo inafundisha jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Sisi twasema dada amepaka hina mikononi, na hakuna atakayeuliza mikono ya nani. Kiingereza kinataka "on her hands". Mtoto achore mikono mikubwa yenye maua, halafu uzi urudi kwa dada. Na aliyekwenda Moshi kwa babu wakati wa Krismasi atachora ng'ombe: "Its horns are long." Hiyo "its" haina ritifaa, na hata Waingereza wenyewe huikosea. Ritifaa ya wingi, kama "the boys' shoes", iacheni isubiri hadi hii ya umoja ikae.

Naomba sana jambo moja. Msimuulize mtoto alinunuliwa nini sikukuu. Wapo wasionunuliwa kitu, na swali hilo huwaumiza mbele ya wenzao. Semeni: chora mtu yeyote uliyemwona siku ile, na kitu chake. Nakumbuka mvulana mmoja aliyekaa na karatasi tupu nusu ya kipindi. Mwalimu alipomwambia hivyo, alichora bibi kushoto, sufuria kulia, na mvuke mwingi juu yake. Akaandika "Grandmother's pilau". Chini yake akaanza "His", akasita, akarudisha kidole juu ya bibi, akafuta. "Her pilau was hot."