Fasihi ya ahera: maana yake na namna ya kuisoma

Fasihi ya ahera ni riwaya, hadithi au utenzi ambamo mhusika anavuka kifo na kisa kinaendelea. Ama amekufa, nasi tunamfuata huko alikokwenda, ama yu hai na amefunga safari kuwatafuta wafu, akayaona ya huko, akarudi kutusimulia. Si lazima kitabu kizima kitokee huko. Inatosha ile sehemu yenye uzito, pale mambo yanapoamuliwa, iwe upande wa pili.

Hadithi za mizimu zina kundi lake. Katika hizo marehemu ndiye anayekuja kwetu, na nyumba anayoitikisa ni yetu. Katika fasihi ya ahera sisi ndio wageni, na wenyeji ni wao.

Hapa Mwanza ukiulizia vitabu vya namna hii kwa wauza vitabu vya mtumba, mara nyingi utaoneshwa mahubiri, au ushuhuda wa watu waliosema walikufa wakarudishwa. Hivyo ni vitabu vingine, maana vinakutaka uamini. Mtunzi wa riwaya hadai kuteremshiwa lolote. Anakwambia tu: tuchukulie kwamba mambo ni hivi, tuone itakuwaje. Nalitaja hili kwa sababu nimewasikia vijana, tena wasomaji wazuri kabisa, wakivikwepa vitabu vya ahera wakihofia kufuru. Mwislamu au Mkristo anaweza kuvisoma na imani yake ikabaki salama. Wala si jambo geni: mnamo mwaka 1033 Abul-Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa Syria, aliandika waraka mrefu ambamo msomi mmoja anatembea peponi akikutana na washairi wa kale, akiwauliza wamesamehewa kwa lipi. Wapo wanaomjibu kwamba ni kwa beti zao.

Ukitaka kuielewa fasihi hii, tazama sheria. Mwandishi anayeingia ahera hawezi kuandika hata ukurasa mmoja kabla ya kuamua mambo fulani: nani anahukumu, wafu wanakumbuka nini, na kama njia ya kurudi ipo. Sheria hiyo anaitunga mwenyewe, na humo ndimo anamoweka anachokijali. David Eagleman, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, mwaka 2009 alitoa kitabu chenye visa vifupi 40, kila kimoja na ahera yake. Katika kimoja unaishi upya maisha yako yote, ila mambo yanayofanana yamekusanywa pamoja, hivyo usingizi wako wote unaulala kwa mkupuo, miaka 30 bila kufumbua macho. Kabadilisha mpangilio tu, na maisha yaleyale yanakuwa adhabu.

Anayenigusa zaidi ni Amos Tutuola wa Nigeria. Riwaya yake ya mwaka 1952 inamhusu mtu ambaye tangu utotoni hakujua kazi nyingine ila kunywa tembo, pombe ya kugema. Baba yake akamtafutia mgema wake mwenyewe, wa kumgemea mapipa madogo 150 asubuhi na mengine 75 jioni. Siku moja mgema akaanguka kutoka juu ya mti, akafa. Tembo likakatika, na marafiki nao wakakatika. Yule mtu akaondoka kumfuata mgema wake, akapita misitu yenye viumbe vya kutisha, mpaka akafika Mji wa Wafu.

Huko anagundua kwamba wafu hutembea kinyumenyume. Yeye anakwenda mbele kama tulivyozoea, na mwendo huo unawaudhi wenyeji. Mgema anapopatikana, anaeleza kwamba mtu akifa hapelekwi mjini moja kwa moja. Yeye alikaa miaka 2 mahali pengine akifundishwa, mpaka akahitimu kuwa mfu kamili. Ndiyo maana hawezi kurudi kumgemea tajiri wake: aliyekwisha kuwa mfu haishi tena na walio hai. Anampa yai la ajabu, wanaagana.

Kila nikiusoma ukurasa ule wa kutembea kinyumenyume naona kazi ya fundi. Tutuola hakuandika moto wala vinubi. Amechukua kitu kimoja cha kila siku, hatua za miguu, akakigeuza, nawe unajua papo hapo kwamba mgema yupo, anaongea, anakukumbuka, na huwezi kuondoka naye.

Vitabu vya hukumu vina nguvu ya aina nyingine. Dante, mshairi wa Italia, akiwa amefukuzwa kwao Florence, aliandika safari ya motoni, toharani na peponi, akawataja watu wa mji wake kwa majina. Motoni anamkuta mwalimu wake Brunetto Latini, uso umeungua kwa mvua ya moto. Hamcheki. Anatembea karibu naye ameinamisha kichwa, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Kwetu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, anausemesha moyo wake, anauonesha majumba ya Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, yaliyobaki makao ya popo, kisha anauteremsha hadi kwenye mioto ya Jahanamu. Naye Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, hakuikomesha riwaya yake Rosa Mistika (1971) kaburini: baba na binti wanafika mbele ya Mungu na kulaumiana. Lawama ambayo binti hakuweza kuitamka nyumbani inapata mahali pa kusikilizwa.

Kuna sheria nyingine ambayo watu wa huku kando ya Ziwa Victoria wanaifahamu hata bila kitabu. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliieleza mwaka 1969: marehemu hubaki miongoni mwa jamaa zake maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho anayemkumbuka, ndipo naye anaondoka kabisa. Wasukuma wanao masamva, wazee waliotangulia ambao hutajwa na kupewa heshima. Katika familia nyingi za kandokando ya ziwa, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, bibi huanza kutaja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, akimtazama mtoto atanyamazia lipi.

Kwa hiyo msomaji wa Mwanza ana maswali yake. Meli ya MV Bukoba ilizama ziwani humo tarehe 21 Mei 1996, mamia wakafa, na wako waliozikwa Igoma na wako ambao miili yao haikupatikana. Aliyefiwa hivyo anapofungua kitabu cha ahera, adhabu haimshughulishi sana. Anataka kujua kama marehemu anaijua njia ya kwao. Riwaya ya Kiswahili inayolishika swali hilo kwa mikono miwili bado naisubiri, na naamini itaandikwa na mtu wa huku.

Anayetaka kuanza, aanze na Rosa Mistika. Tutuola amsome kwa Kiingereza chake kilekile kilichopinda, asikinyooshe kichwani. Al-Inkishafi inataka toleo lenye ufafanuzi, maana Kiswahili chake ni cha kaskazini na cha zamani, nayo isomwe kwa sauti.