Kijiji cha India kwenye data: watu wangapi, na basi linafika wapi?

Kuna zile saiti zinaorodhesha vijiji vya India kimoja kimoja, wakazi wangapi, wanawake wangapi, stesheni ya karibu ipi, na watu huwa wananiuliza hizo namba ni za lini. Jibu ni 2011. Karibu zote zimechotwa kwenye sensa hiyo hiyo, maana ya 2021 iliahirishwa kwa ajili ya Covid na inayokuja tarehe yake rasmi ni 1 Machi 2027, kwa hiyo ukikuta saiti imeandika "idadi ya sasa" ujue mtu kakopi ya 2011 au kajipigia hesabu mwenyewe.

Mimi kazi yangu ndo hizi, takwimu za watu na ramani za barabara. Tuchukue Jambur, jimbo la Gujarat, pembeni ya msitu wa Gir wenye simba, kijiji cha Wasiddi, wale Wahindi ambao mababu zao walitoka huku kwetu Afrika Mashariki. Ukikitafuta kwenye sensa chini ya wilaya ya Gir Somnath hukipati ng'o! Wilaya hiyo imezaliwa 15 Agosti 2013, sensa ilishapita, so nenda Junagadh halafu ushuke tarafa ya Talala. Na ukifika kwenye safu ya wanaojua kusoma usigawanye kwa watu wote, wanahesabiwa wa miaka 7 kwenda juu tu, toa kwanza watoto wa 0 hadi 6 (saiti nyingi zinachemka hapa).

Sasa usafiri, hapa ndo pana mambo. Kitabu cha sensa cha wilaya kina orodha ya vijiji na huduma zake, basi, reli, posta n.k., na kama huduma haipo kijijini wanaweka herufi: a ni chini ya kilomita 5, b ni 5 hadi 10, c ni zaidi ya 10. Hiyo c inanikera kweli, maana kilomita 11 na kilomita 45 zote ni c! Halafu basi likiandikwa lipo, lipo tu, hujui linapita mara ngapi kwa siku wala saa ngapi. Na kuna usafiri wa chhakda, ile pikipiki ya tairi tatu ya Saurashtra (ukanda huo wa Gujarat), mbele ni ya pikipiki ya Royal Enfield Bullet, injini inadunda, nyuma bodi ya wazi ya kupakia, abiria wanakaa pembeni miguu inaning'inia na magunia katikati. Anayedhani bajaji zetu zinajaza sana aende akaione hiyo. Ukitaka treni Talala ipo stesheni, lakini reli ni ya geji ya mita (nyembamba, mita moja kati ya vyuma), inakatiza msituni, kwa safari ndefu watu wanakwenda mji wa Veraval kwenye reli pana.

Ila idadi ya watu na barabara zinakutana kwenye kitu kimoja, mradi wa serikali kuu wa barabara za vijijini, PMGSY, ulioanza Desemba 2000. Unahesabu vitongoji, siyo vijiji, na kwenye tambarare kitongoji kinatakiwa kiwe na watu 500, milimani, jangwani na maeneo ya makabila 250. Nyumba zilizo ndani ya mita 500 zinajumlishwa kuwa kitongoji kimoja, kwa hiyo kijiji cha watu 1,200 kilichotawanyika vipande vitatu vya watu 400 vilivyo mbali na mbali, kwenye tambarare kinaweza kukosa lami huku jirani yake wa watu 600 waliobanana anapata. Awamu ya nne iliyopitishwa Septemba 2024, ya vitongoji 25,000 na kilomita 62,500 hadi 2028-29, nayo inatumia namba za 2011. Waliokuwa 480 mwaka ule, hata leo wakiwa 700, kwenye karatasi bado ni 480.