Urani ya Namtumbo si bomu

"Mwalimu, si tuna urani kule Namtumbo? Tunangoja nini kutengeneza bomu letu?" Nimeulizwa darasani, nimeulizwa kijiweni Ujiji kwenye kahawa, na juzi nimeulizwa saluni Mwanga, wembe uko shingoni, hata kubisha siwezi. Leo najibu nikiwa nimekaa vizuri.

Mwenye michikichi bado hana mawese. Waulizeni akina mama wa hapa Kigoma wanaoshinda wakichemsha na kukamua. Urani nayo, ikitoka ardhini, katika kila atomu 1,000 ni kama 7 tu zilizo za isotopu, yaani aina ya atomu, iitwayo 235, na hizo ndizo bomu linazozitaka. Zilizobaki karibu zote ni 238. Kikemia ni mapacha, tofauti yao ni neutroni tatu, chembe ndogo za ndani ya atomu, kwa hiyo tindikali haizitengi. Inabidi urani igeuzwe gesi, izungushwe kwa kasi ya kutisha ndani ya mashine ndefu kama mabomba, si moja wala kumi bali maelfu, kila moja ikichuja kidogo na kuipa ya mbele yake. Kinu cha umeme wa nyuklia kinatosheka na asilimia 3 hadi 5 ya hizo 235. Bomu linataka kama 90. Ila ukishafika 5, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza. Hapo ndipo wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, wanapokosa usingizi.

Kama mawe yangetosha, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wangekuwa na bomu zamani. Urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, ndiyo iliyolisha kwa kiasi kikubwa mradi wa Marekani uliozaa bomu la Hiroshima mwaka 1945. Kongo ilibaki na shimo. Pakistan ilianzia kwingine: Abdul Qadeer Khan alifanya kazi Uholanzi miaka ya 1970, akarudi kwao na michoro ya mashine hizo, na baadaye mtandao wake ukaziuzia Iran, Libya na Korea Kaskazini. Kinachoenea ni michoro, vipuri na watu wanaojua. Ukitaka kuzuia, linda hivyo.

Wengine husema: "Haizuiliki, kila nchi italipata." Mwaka 1963 Kennedy, rais wa Marekani, alihofia nchi 15 hadi 25 zingekuwa nalo kufikia miaka ya 1970. Leo ni tisa. Afrika Kusini iliunda mabomu sita ikayavunja yenyewe, ikaingia kwenye NPT, mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, mwaka 1991. Ukraine, Belarus na Kazakhstan ziliyarudisha Urusi yale yaliyobaki kwao Muungano wa Kisovieti ulipovunjika.

"NPT inakataza nyuklia yote." Hapana. Kifungu cha 4 kinaruhusu matumizi ya amani. Someni kifungu cha 10, hicho ndicho kibovu: nchi inatoa taarifa ya miezi mitatu, inaondoka. Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa mwaka 2003, ikalipua la kwanza mwaka 2006.

"Maelekezo yote yako YouTube." Haya, yafuate, uniletee hizo mashine elfu kadhaa.

Kinyozi wangu hakuridhika. Akauliza, je, ikichimbwa na kusafishwa pale pale mgodini? Nikamwambia utapata unga wa njano wa kujaza mapipa, na ndani yake bado ni zile 7 katika 1,000. Akanyamaza, akanimalizia ndevu.