Joto la kaskazi kwenye nyumba za ghorofa Tanga: maswali na majibu

Kuanzia Desemba mpaka masika yaanze kunyesha mwezi Machi, kipindi cha upepo wa kaskazi, Tanga huwa na fukuto. Nyuzi 32 au 33 za mchana si nyingi kwa mtu aliyezoea bara, ila hapa hewa imejaa unyevu wa bahari na jasho halikauki mwilini. Anayekaa nyumba ya uwani kule Ngamiani hutandika mkeka chini ya mwembe, mambo yakaisha. Wa fleti ya ghorofa ya nne ana roshani ya hatua mbili, ngazi, na tangi la maji analochangia na familia nyingine. Maswali yafuatayo yanatoka kwa watu kama huyo.

Swali: Tunakaa ghorofa ya juu kabisa. Usiku ndani kuna joto kuliko nje. Madirisha tufunge au tufungue?

Jibu: Yote mawili, kwa saa tofauti. Zege la paa hunywa joto la jua mchana kutwa na kulitema usiku. Ndiyo maana saa 4 usiku ukigusa ukuta unakuta bado una uvuguvugu. Mchana, shusha mapazia upande unaopigwa na jua: asubuhi mashariki, alasiri magharibi. Upande wa kivulini uache wazi. Jua likizama fungua madirisha yanayotazamana pamoja na milango ya vyumba, upepo upate pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja likifunguliwa peke yake halisaidii kitu. Wengi hufunga mapema kwa kuogopa mbu, na dawa ya hilo ni wavu wa dirishani. Fundi huja akapima na kufunga siku hiyo hiyo.

Feni haipozi hewa, inakausha jasho. Inafaa maadamu joto la ndani halijafika nyuzi 40, na Tanga hatufiki huko. Ukilala na kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, feni ikikupulizia, utalala. Mwenye AC aiweke nyuzi 26 au 27 huku feni ikizunguka. Mwili utaona nafuu ile ile na umeme wa luku hautakimbia.

Swali: Bibi anasema kulala na feni kunaleta nimonia. Kweli?

Jibu: Hapana. Nimonia huletwa na vijidudu, haiji kwa upepo. Feni yenye vumbi lililoganda kwenye mapanga inaweza kumsumbua mwenye pumu, kwa hiyo ifute. Chujio la AC nalo lioshwe mara kwa mara.

Swali: Mama mkwe ana miaka sabini na kitu, anatumia dawa za presha. Hanywi maji, anasema hasikii kiu. Nimlazimishe?

Jibu: Usimlazimishe, na wala usimhesabie vikombe kama mtoto, utamuudhi bure. Hasemi uongo. Umri ukienda, hisia ya kiu hupungua hata kama mwili umekaukiwa. Mwekee maji ya mtungini pembeni ya kiti chake, kikombe kikiwa tayari. Asubuhi mpe uji mwepesi, mchana tikiti au chungwa, jioni supu. Chai yake ya tangawizi nayo inahesabika kuwa maji. Kipimo chepesi ni mkojo: ukiwa wa rangi ya chai ya rangi na unatoka kidogo, amekaukiwa.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwake. Baadhi ya dawa za presha hukojosha, na kipindi cha joto zinaweza kumwacha na kizunguzungu kila anapoinuka. Asiziache mwenyewe, mpelekeni kliniki daktari aangalie kipimo. La pili ni madafu. Hapa Tanga dafu ni kinywaji cha kila mtu, na kwa mtu mzima wa afya halina neno. Lakini lina madini mengi ya potasiamu, na mwenye figo dhaifu hushindwa kuyatoa. Kama mama aliwahi kuambiwa figo zake zina tatizo, dafu liwe kwa idhini ya daktari.

Swali: Nitajuaje kwamba mtu ameshikwa na joto la hatari, si uchovu tu?

Jibu: Aliyechoka kwa joto hutoka jasho jingi, kichwa kinamgonga, anahisi kichefuchefu, lakini akili yake iko sawa. Mweke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo, na katika nusu saa hivi aonekane ana nafuu. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akayumba, akapata degedege au akazimia huku mwili unawaka, hiyo ni dharura. Joto la mwili likigonga nyuzi 40 ubongo unaanza kuumia. Mpigie simu mwenye gari, na wakati unasubiri usikae bure: mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, mwekee barafu au maji baridi kwenye makwapa, shingoni na kinenani. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, atapaliwa. Mkimbizeni Bombo au hospitali iliyo karibu, na njiani endeleeni kumlowesha.

Wa ghorofa za juu wakumbuke ngazi. Mgonjwa wa kubebwa anahitaji watu wanne wenye nguvu, na saa 8 mchana vijana wako kazini. Ukijua mapema nani huwa nyumbani mchana na mlango wake ni upi, utaokoa dakika nyingi.

Swali: Masika bado, mvua hakuna, lakini mchana tunaumwa na mbu ndani. Wanatoka wapi?

Jibu: Wanatoka humo humo ndani ya jengo. Hili ndilo swali ninalotamani kila mpangaji angeliuliza.

Mbu wa mchana, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ndiye anayebeba dengue. Si yule wa malaria anayeuma usiku. Hana haja na mtaro wa maji machafu. Anapenda maji matulivu na masafi, na kwenye fleti tunayahifadhi sisi wenyewe kwa kuwa bomba halitoki kila saa: ndoo ya bafuni, pipa la roshanini, sahani chini ya chungu cha maua, beseni la maji ya AC, kifuu cha nazi kilichosahauliwa nyuma ya jengo. Toka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 mpaka 10. Tena huyu si msafiri wa mbali. Aliyekuuma wewe wa ghorofa ya tatu huenda amezaliwa kwenye pipa la jirani wa ghorofa ya pili. Ndiyo maana usafi wa fleti yako peke yako hautoshi, na dawa ya kupuliza kila jioni inapoteza pesa kama pipa la jirani liko wazi.

Wengi humwaga maji wakadhani wamemaliza. Jike hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hukaa makavu kwa miezi yakisubiri. Ukijaza maji tena, yanaanguliwa. Kwa hiyo mara moja kwa wiki mwaga, kisha sugua kuta za ndani kwa brashi, kisha jaza na ufunike. Mfuniko ukae sawasawa. Kipande cha bati kilichoegeshwa na jiwe juu yake hakimzuii mbu. Jengo zima likichagua siku moja, tuseme Jumamosi asubuhi, mtaona tofauti katika wiki mbili tatu. Mwenye jengo naye apande juu kuangalia tangi la paa, kwani huko hakuna mpangaji anayefika.

Dengue si hadithi kwetu. Mwaka 2019 ilipolipuka, Tanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata wagonjwa pamoja na Dar es Salaam. Huanza kwa homa kali ya ghafla, maumivu nyuma ya macho, viungo na misuli kuvunjika vunjika. Pima malaria kwanza, usikisie. Kupunguza homa tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na usiguse aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwani zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Siku ya hatari mara nyingi ni ile homa inapoanza kushuka na mgonjwa anasema amepona. Akipata maumivu makali ya tumbo, akatapika mfululizo, fizi au pua zikatoa damu, au akalegea kupita kiasi, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Swali: Maji ya bomba yametibiwa. Kwa nini bado mnasema tuchemshe?

Jibu: Maji ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi, na husafishwa kabla ya kusambazwa. Shida huanza yakishafika kwenu: tangi la chini, pampu, tangi la paa, bomba, ndoo. Dawa iliyotiwa huko hupungua nguvu kadiri maji yanavyokaa kwenye joto, na tangi lenye tope chini au mfuniko uliopasuka huyachafua upya. Kwa hiyo ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, au tumia vidonge vya kutibu maji kwa kufuata maelezo ya pakiti. Halafu yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu. Kikombe kinachopita mkono kwa mkono na kudumbukizwa kwenye ndoo kinaharibu kazi yote.

Akitokea anayeharisha, usisubiri. Kama huna pakiti ya ORS, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vya kusawazishwa.

Swali: Mtoto wangu ana miezi minne, ana harara shingoni na mgongoni. Nimpe na maji ya kunywa?

Jibu: Maji hapana. Chini ya miezi sita maziwa ya mama yanamtosha hata kwenye joto hili. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe ndiye unywe maji. Kwa harara, muogeshe maji ya kawaida, mkaushe kwenye mikunjo, mvalishe pamba nyepesi au umwache na nepi tu. Mafuta mazito huziba vitundu vya jasho na kuizidisha. Vipele vikitunga usaha au akipata homa, mpeleke kituo cha afya.

Swali: Umeme ukikatika na gesi ikaisha, naweza kuwasha jiko la mkaa sebuleni?

Jibu: Usithubutu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu usingizini. Jiko likae roshanini penye hewa wazi, na lisiingizwe ndani hata kama moto umebaki makaa tu.

Swali: Watoto wako likizo na fleti ni ndogo. Tuwapeleke wapi?

Jibu: Kwanza nikuambie pasipofaa: paa la jengo. Kila kaskazi ikivuma watoto hupanda kurusha tiara, macho yote juu, miguu inarudi nyuma. Mlango wa paa uwe na kufuli.

Bahari ya Raskazone iko karibu, na ni raha kubwa kwa senti chache. Nendeni saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 alasiri. Ulizeni wavuvi hali ya maji. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana na kurudi kwa kasi, na mtoto anayeokota makombe huko mbele anaweza kuzungukwa. Mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu ya kuwatazama, simu ikae mfukoni.

Wakanyage mchangani kwa kuburuza miguu, samaki taa mwenye mwiba wa sumu, aliyejifukia, atakimbia kabla hajakanyagwa. Akichomwa na taa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza maumivu ya sumu. Yapime kwa mguu ambao haujachomwa kwanza, maana ulioumia hauhisi vizuri. Kisha nendeni hospitali, mwiba unaweza kubaki ndani.

Swali: Ramadhani sasa inaangukia kwenye joto. Mimi nina kisukari, nifunge?

Jibu: Hilo uliulize kliniki kabla mwezi haujaandama, hasa kama unachoma insulini, kwa sababu dozi na saa zake hubadilika. Ukiruhusiwa, jipime sukari mchana. Masheikh wengi wameshaeleza kuwa tone la kidole halibatilishi funga. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 (kwa kipimo cha mmol/L), fungua. Daku liliwe mwishoni mwa muda wake, na maji yagawanywe kuanzia futari mpaka daku badala ya kuyabugia yote kwa mkupuo.

Swali: Nilinunua jodari soko la Deep Sea asubuhi, nikampika jioni. Tulipokula nyuso zikawaka nyekundu, mwili ukatuwasha. Tuna mzio wa samaki?

Jibu: Mkishikwa watu wote mezani, si mzio. Jodari, vibua na jamaa zao wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Kupika hakuiondoi, wala kugandisha. Samaki anaweza hata asinuke. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja, lakini anayebanwa na pumzi akimbizwe hospitali. Siku nyingine nenda na ndoo yenye barafu, mnunue samaki mwisho baada ya mahitaji mengine yote, na ukifika mtoe matumbo, muoshe, aingie kwenye friji au jikoni moja kwa moja. Kilichopikwa nacho kisilale juu ya meza. Kwa joto la Januari, saa moja inatosha kukiharibu.