Kioo cha simu hakihitaji joto la kidole, na dhana nyingine kuhusu ishara za mikono

"Mwanangu, simu hii imenikataa." Mama mkubwa alinikabidhi simu yake ya kwanza ya kugusa kabla hajaitikia hata shikamoo yangu. Alikuwa ametoka kumenya mihogo, na kidole gumba chake kina sugu ya miaka mingi ya jembe na kisu. Simu ilipoita aligandamiza alama ya kijani, ikagoma. Akagandamiza zaidi hadi ncha ya kidole ikabadilika rangi. Jirani alikuwa ameshamweleza kwamba simu hizi zinataka joto la mwili, na damu ya wazee imepoa. Naye akaamini, akawa tayari kurudia kiswaswadu chake.

Joto halihusiki hata kidogo. Kwenye kioo kuna tabaka jembamba mno, lisiloonekana, linalopitisha umeme. Mwili wa binadamu umejaa maji na chumvi, kwa hiyo kidole kikikaribia kinavuta chaji kidogo sana, na simu inapima badiliko hilo makumi ya mara kwa sekunde. Ndiyo maana tone la mvua, baridi kabisa, linaweza kufungua programu ambayo hukuitaka. Sugu nene na kavu inaitenga simu na sehemu ya kidole yenye unyevu, badiliko linakuwa dogo, na simu haioni kitu.

Hili la kugandamiza nalo lina asili yake. Vioo vya zamani vilikuwa na matabaka mawili ambayo lazima yagusane ndipo mashine ielewe, na hapo hata ukucha au kijiti kilitosha. Kwenye vioo vya sasa nguvu haiongezi kitu cha maana.

Nilibandua protekta iliyokuwa imejaa vumbi kwa chini, nikafuta kioo, nikampa kitambaa chenye unyevu apanguse vidole. Nikamwambia aache gumba, atumie upande wa kidole cha kati ambako ngozi ni laini. Baadhi ya simu, zikiwemo nyingi za Samsung, zina sehemu ya kuongeza wepesi wa mguso kwenye mipangilio ya skrini, tuliiwasha pia. Akatelezesha kidole, ikapokea. Jioni ile alimpigia mdogo wake mara tatu bila jambo la kusema. Inaniuma kwamba wazee wengi wanaambiwa hawajui simu, kumbe hawana kosa lolote ila ngozi iliyofanya kazi.

Dhana ya pili niliwahi kuiamini mwenyewe: kwamba asiyeona hawezi kutumia kioo kisicho na vitufe. Siku moja kwenye daladala nilikaa na kijana asiyeona. Kioo cha simu yake kilikuwa cheusi tii, nikadhani imezima. Kumbe alikuwa anasoma ujumbe. Kidole kimoja kilikuwa kinapangusa kuelekea kulia, na kila akipangusa, sauti kwenye spika ya sikioni ilimtajia kilichofuata, kwa kasi ambayo mimi sikuambulia neno. Akifika anapopataka anagonga mara mbili. Tena anagonga popote pale kwenye kioo, hana haja ya kulenga. Hapo ndipo penye akili yote ya mpango huu: ishara imetenganishwa na mahali. Huduma hiyo kwenye iPhone inaitwa VoiceOver na iliingia mwaka 2009 na simu ya 3GS; kwenye Android ni TalkBack. Kioo alikizima kwa makusudi ili abiria wenzake wasimsomee ujumbe wake, nami nilikuwa mmoja wao.

Wengi pia husema kukuza picha kwa vidole viwili kulizaliwa na iPhone mwaka 2007. Simu ile ilikueneza tu. Chuo Kikuu cha Toronto kilikuwa na kioo kinachotambua vidole kadhaa kwa mpigo mwaka 1982, na miaka hiyohiyo Myron Krueger, Mmarekani, alikuwa ameunda chumba chenye kamera ambamo kivuli cha mtu kilichezea maumbo kwa kubana na kutanua vidole. Baadaye Wayne Westerman, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Delaware na kuumwa mikono kwa kuchapa, alianzisha kampuni ya FingerWorks pamoja na mwalimu wake John Elias, wakitafuta njia isiyoumiza ya kutumia kompyuta. Apple, wenye iPhone, waliinunua mwaka 2005.

Na wale wanaotabiri kwamba kesho tutapunga mikono hewani badala ya kugusa, wajaribu kunyoosha mkono mbele ya uso kwa dakika tano tu. Bega litawajibu. Kinect ya Microsoft, kamera ya kuchezea michezo ya video kwa kupunga mikono na mwili, ilitoka mwaka 2010 kwa kishindo, na mwaka 2017 haikuwa ikitengenezwa tena, ingawa uchovu wa mkono haukuwa sababu pekee.

Dhana inayonigusa zaidi ni kwamba glavu za kielektroniki zinaweza kutafsiri lugha ya alama ya viziwi kuwa maneno. Kila baada ya muda habari hii inarudi, na mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington walitunukiwa dola 10,000 kwa glavu za namna hiyo. Viziwi wengi walizipinga, na walikuwa na haki. Glavu inasoma vidole, lakini lugha ya alama haikai vidoleni peke yake. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikiinuka sentensi inageuka swali. Mdomo, bega na upande ambao macho yanaelekea vyote vina kazi ya sarufi. Tena hakuna lugha moja ya alama ya dunia nzima. Ya Tanzania si ya Marekani, na ya Kenya imetajwa kwenye Katiba ya mwaka 2010 miongoni mwa lugha rasmi za Bunge.

Zaidi ya hayo, glavu inamvalisha kiziwi mzigo ili anayesikia asihangaike kujifunza. Fundi cherehani mmoja kiziwi ninayemfahamu hajawahi kuivaa. Akitaka kuongea na mkewe anapiga simu ya video, anaiegemeza simu kwenye kopo la uzi, anarudi nyuma hatua moja ili mabega yote mawili yaonekane, kisha anaanza.